Herufi S, Faili la Kumi na Tisa

Leo tumefika herufi S.
Ofisi ya ensaiklopidia ni chumba kimoja, ghorofa ya tatu, Iquique;
dirisha linatazama ukuta wa benki.
Sisi ni watatu: Daktari Oyarzún mwenye kalamu nyekundu,
Ximena anayehesabu vyanzo kama mweka hazina wa kanisa maskini,
na mimi, Nolberto, niliyeajiriwa kwa kuwa najua kutia nukta.

Vigezo vya klabu Daktari amevitia vina, tusivisahau:

    Kwanza iwe kwenye ligi, ligi inayosifika,
    Pili itajwe kwa wingi, magazeti kuandika,
    Tatu vyanzo viwe vingi, visiwe vya kujipika,
    Pasipo huo msingi, kurasani hutafika.

(Kina cha kwanza kinachechemea. Tulimwambia. Amekataa kukigusa.)

Faili ni jembamba. Barua moja,
ya Eduvina Collao, miaka themanini na minne,
mwandiko umeinama kama watu wanaotembea dhidi ya upepo.
Anasema: tulikuwa na klabu.
Unión Santa Rufina, jezi za magunia ya unga
tulizozitia rangi kwa maganda ya vitunguu,
nami nilizifua Jumatatu, maji yakija kwa treni, kwa kuponi.
Anasema kampuni ililipa kwa vipande vya bati
visivyopokelewa popote ila dukani kwake,
basi kombe wakalifua kwa vipande hivyo:
mshahara wa wiki, wa watu kumi na mmoja,
na hakuna aliyelala njaa kuliko kawaida.
Kipa alikuwa Baldomero, mpiga baruti, vidole saba.
*Saba vilitosha*, ameandika, akapigia mstari.

Ligi? Machimbo manne ya shura yaliyochezana yenyewe kwa yenyewe
hadi shura ikakosa mnunuzi.
Gazeti? Lilikuwa la kampuni, nalo liliandika bei.
"Chanzo ni kimoja," asema Ximena, "na kinampenda mhusika."
Hakusema kwa ubaya. Ana watoto wawili na mafua.

Jumamosi niliazima gari la shemeji.
Saa tatu za njia, hakuna mti, hakuna hata nzi.
Santa Rufina: kuta bila mapaa, tanuri la mkate,
makaburi yenye maua ya bati.
Na nyuma ya karakana, uwanja.

Haukuwahi kuota nyasi, kwa hiyo hakuna kilichokauka.
Mvua haijui njia ya huku, kwa hiyo hakuna kilichofutika.
Mistari ya chokaa ipo.
Duara la kati lipo, limepinda kidogo upande wa milima,
kazi ya mtu mwenye kamba fupi na haraka ya kuanza.
Nikalipima eneo la penalti kwa miguu. Limezidi hatua moja.
Kwenye goli la kaskazini kuna vishimo viwili vya visigino,
vya mtu aliyesimama palepale miaka mingi, akingoja.
Nikaweka miguu yangu ndani.
Vilinipwaya.

Jumatatu nikaleta picha. Daktari akazitazama sana, akafuta miwani.
"Ardhi si gazeti," akasema.
Nikamuuliza ni gazeti gani limedumu hivi.
"Kweli," akasema, "lakini ardhi haina tarehe."
Kura: mbili kwa moja.

Faili la ishirini: klabu ya duka kubwa, imezaliwa Machi mwaka jana,
ina kocha wa kukodi, mdoli wa mwari anayecheza dansi,
na magazeti thelathini na moja.
Ilipita kabla chai haijapoa. Nukta niliitia mwenyewe.

Jioni nikabaki.
Nikafungua makala ya Shura, iliyokwisha kupitishwa,
kurasa sita za tani, meli na bei,
na baada ya bei ya mwisho nikaongeza:
*Huko Santa Rufina walicheza mpira. Kipa alikuwa na vidole saba.
Chanzo: uwanja*

Ximena ataiona kesho. Yeye huona kila kitu,
na hili ataliona la kwanza,
kwamba sentensi ya mwisho nimeiacha bila nukta